Mbavu za Sajini

Jumapili, 27 Februari 2011

Salum amepiga simu kutoka Tanga. Mama yake bado hajiwezi, kwa hiyo mume wangu harudi mwezi huu. Aliniuliza hali yangu kwa neno moja, kisha akauliza Sajini amenenepa? Nikamwambia ukweli, farasi amekonda tangu alipoondoka yeye. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. "Mlishe, Tabia," akasema. "Baridi ikimkuta hivyo, tumekwisha."

Hilo najua. Baridi ya Joburg ndiyo msimu wetu. Wapangaji wa vyumba vya uani huku kusini wananunua makaa ya mawe, na wenye bakkie, zile pikapu za mizigo, hawajisumbui kuingia vichochoroni kwa gunia moja moja. Sajini na mkokoteni wake ndio wanaoingia. Mandazi ninayouza pale kwenye robot, taa za barabarani, yanalipa kodi ya chumba tu.

Nimenunua daftari hili spaza, kiduka cha mtaani. Kumi na moja ni miaka niliyokaa Rosettenville, na bado sina mtu wa kumweleza ninachofikiri bila kesho kukisikia kwa mwingine.

Jumatano, 2 Machi

Amekuja mkaguzi wa wanyama, msichana wa Kisotho anaitwa Refiloe. Kuna mtu amempelekea habari kwamba tunamtesa farasi. Nani? Sijui. Uani hapa tupo mimi, Marthe wa chumba cha pili, na mwenye nyumba, mzee Abílio wa Kireno, pamoja na kuku wake.

Alimpapasa Sajini shingo, mgongo, nyonga, akamaliza kwa mbavu. "Eish, mama," akasema. "Hizi nimeziona nikiwa bado barabarani." Akatoa amri: asivute mzigo. Apewe majani kwanza, mengi, na mahindi ya kuparaza kidogo kidogo, kwa sababu farasi mwenye njaa akishibishwa ghafla tumbo linamuua. Jua likizama awe bandani, maana usubi wa msimu huu unaleta ugonjwa unaoua farasi kwa siku moja, na hautaisha mpaka sakitu ya kwanza, ule umande ulioganda, ianguke. Atarudi mwanzo wa Juni. Akimkuta hivi, anamchukua.

"Sitakuja kuuliza sababu," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Sasa naiogopa baridi na papo hapo naiomba ije.

Jumamosi, 5 Machi

Tumepanga hivi. Égide anakuja asubuhi kutoka Joubert Park, anampeleka Sajini kilimani kula nyasi, anamrudisha alasiri. Mimi nikitoka kwenye mandazi namwekea horini lusen, yale majani makavu yenye harufu ya chai, na pumba, na mahindi.

Égide ni Mrundi. Salum alimchukua miaka miwili iliyopita awe anaendesha mkokoteni, nami sijawahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Mtu asiyesema anawapa wenzake kazi ya kumbunia maneno.

Ijumaa, 11 Machi

Nimempapasa mbavu. Vilevile.

Jumatano, 16 Machi

Mvua kutwa. Sajini amesimama bandani kichwa chini, maji yakipita kwenye mashimo ya nyonga zake.

Jumapili, 20 Machi

Salum. Mama yake hali chakula. Namwombea bibi yule. Alinipenda kuliko mwanawe anavyojua kupenda. Halafu akauliza: "Farasi je?"

Ijumaa, 25 Machi

Mbavu vilevile, na gunia la lusen limeshuka kuliko nilivyotarajia. Nimesimama nikaliangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyesema uongo. Chakula kinaingia bandani, na farasi hanenepi. Basi kinakwenda wapi? Horini hakibaki hata punje, na sakafu ni safi, nayo nimeikagua. Kama hakiingii kwa farasi, kinatoka kwa mguu wa mtu.

Jumanne, 29 Machi

Marthe amekuja kuomba chumvi akakaa mpaka chai ikaisha. Ni Mrundi kama Égide, wanasali kanisa moja. Anauza nguo za mitumba, anajua habari za kila nyumba mpaka Turffontein.

"Dada Tabia," akasema, "miye sipendi kusema mtu. Lakini ule Égide, jioni akienda kwao, anabebaga nini ndani ya gunia?"

"Gunia gani?"

"Mimi naonaga tu. Labda ni nguo zake."

Alipotoka nilibaki na maneno yake kama mfupa wa samaki kooni.

Jumamosi, 2 Aprili

Nimewahi kurudi makusudi. Nimemwona Égide akitoka lango la nyuma, gunia begani, limefungwa kamba mdomoni, na limejaa. Nilimwita. Aligeuka, akasema, "Jioni njema, mama," akaongeza mwendo.

Ijumaa, 8 Aprili

Mbavu. Naona hata zimezidi. Nyasi za kilimani zimeanza kugeuka rangi, asubuhi natoka na shali. Nimenunua kufuli la chumba cha chakula. Égide alilitazama, akanitazama mimi, akaenda kumfunga Sajini hatamu bila neno. Asiye na hatia si angeuliza?

Jumapili, 17 Aprili

Salum hakupiga wiki iliyopita. Leo amepiga, dakika chache tu. Nimemweleza habari ya gunia. Nilidhani atamtetea Égide, kwa jinsi alivyokuwa akimsifu. Akasema tu, "Fanya unavyoona. Mradi farasi awe na mwili kabla ya Juni." Nikamuuliza yeye atarudi lini. Akasema mtandao mbaya.

Jumamosi, 23 Aprili

Nimemfukuza Égide.

Nilimsubiri kwenye lango la nyuma, nikiwa nimeacha mandazi kwa Marthe. Alikuja na gunia lilelile. Nikasimama mbele yake.

"Fungua."

"Mama, acha niende."

"Fungua nione. Farasi anakufa njaa mikononi mwetu, na wewe kila jioni unatoka na gunia."

Akaliteremsha begani lakini mkono hakuutoa kwenye ile kamba. Uso wake ulikuwa umevimba kwa aibu, nami aibu ile naijua, ni ya mwizi. "Si kitu ya farasi kula," akasema.

"Kama si chakula, unaogopa nini?"

"Siko mwizi, mama. Salum ananijua."

"Salum kasema nifanye ninavyoona."

Hilo lilimpata. Niliona lilivyompata. Alitazama juu ya bega langu, kule bandani ambako Sajini alikuwa ametoa kichwa juu ya mlango akimsubiri kama kila jioni aje amuage kwa kumpiga kiganja shingoni. Égide hakwenda. Alibeba gunia lake akanipita. Sajini alilia, mlio mrefu, nami nikamwambia anyamaze, anamlilia mtu anayemla.

Marthe aliponirudishia beseni la mandazi alisema nimefanya vizuri. Akasema pia kwamba mdogo wake, Ignace, hana kazi tangu Januari, na anajua wanyama. Sikuwa na muda wa kufikiri. Kesho nani atampeleka farasi kilimani?

Jumanne, 26 Aprili

Ignace ameanza. Anacheka sana, anasema "sharp, mama" kwa kila kitu. Nywele kazinyoa mistari. Sajini anamrudishia masikio nyuma.

Ijumaa, 6 Mei

Mwizi amekwenda, kufuli lipo, ufunguo ninao kiunoni, na mbavu ziko palepale. Sasa nimshuku nani?

Kuku wa mzee Abílio, hao wamenona. Wamejaa mpaka wanatembea kwa kuyumba.

Jumatano, 11 Mei

Leo nimepitisha kitambaa mgongoni kwa Sajini kikatoka na chumvi. Jasho lililokauka. Kifuani manyoya yamelala upande mmoja, mstari mpana, pale pale mkanda wa mkokoteni unapokaa. Farasi aliyekwenda kula nyasi hatoki jasho la mkanda.

Nikaenda kwenye mkokoteni. Magurudumu yana udongo mwekundu mbichi.

Ignace hata hakukana. "Ni mizigo midogo tu, mama. Watu wanahama. Vitanda, friji moja." Nikamwambia aondoke, na asipite hata mtaa huu. Akacheka, akasema sharp.

Nilimgongea Marthe. Alikuwa anakunja mitumba, hakuinua uso. Nikamuuliza: "Ulijua?"

"Ya mkokoteni, hapana. Naapa."

"Na ya Égide? Ulimwona akiiba, au ulitaka nafasi yake?"

Alikunja blauzi ile ile mara mbili. "Niliona gunia, dada. Hiyo ni kweli. Na Ignace alikuwa anakula kwangu tangu Krismasi. Hiyo nayo ni kweli. Ningekuomba kazi ungekataa."

Sijui kweli ipi niipime kwanza. Nimerudi chumbani. Sijapika.

Ijumaa, 13 Mei

Leo sikwenda kwenye robot. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa ndani ya banda tangu nilipomwekea chakula mpaka alipomaliza, kwa sababu hakuna tena mtu wa kumwamini. Nilitaka nione kwa macho yangu punje ya mwisho ikishuka kooni mwake.

Anachukua majani kwa pupa. Anatafuna, lakini kwa upande mmoja, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Anatafuna, anatafuna, halafu anasimama. Kilichofuata sikukitegemea. Kinywani kilitoka kidonge cha majani, kimelowa, kimesokotwa kama sigara nene, kikaanguka chini. Akachukua mengine. Kikaanguka kingine. Na mahindi yakamwagika pembeni mwa midomo kama mchanga.

Kabla sijainuka, kuku wa mzee Abílio walikuwa wameshaingia chini ya mlango. Wakala mahindi yote. Vile vidonge wakavichakua, wakavitawanya, vikachanganyika na matandazo ya chini. Kufumba na kufumbua sakafu ikawa safi, kama nilivyoikuta kila siku.

Nilitia kidole kwenye pembe ya kinywa chake nikapapasa lile gego la juu. Lina ncha kali kama kisu. Shavu ndani lina kidonda.

Ndugu yangu huyu alikuwa akila mbele yetu sote, na kila tonge linamkata.

Nimekaa kwenye ile ndoo muda mrefu. Nilimfukuza mtu.

Jumatatu, 16 Mei

Nilimpigia Refiloe, na leo amekuja na daktari wa meno ya farasi na tupa ndefu kama ya fundi chuma. Walimchoma sindano ya usingizi, wakamfungua kinywa kwa chuma, wakamkwangua magego yote. Unga wa meno uliruka, unanuka kama pembe iliyoungua. Refiloe akasema yeye pia alipaswa kutazama kinywa siku ile ya kwanza, akaishia mbavuni. Wakampa na dawa ya minyoo. "Sasa polepole, mama. Polepole. Ataomba kila kitu."

Jumatano, 18 Mei

Leo uchaguzi, barabara tupu, sikuuza. Sajini anakula na hakianguki kitu. Kuku wamesimama mlangoni wakishangaa.

Ijumaa, 20 Mei

Naandika mkono ukiwa umevimba kwa kamba.

Kosa ni langu. Jana Sajini alimaliza chakula chake akaniangalia, nikamwongezea. Akamaliza tena, nikamwongezea mahindi, kibaba kilichojaa, kwa furaha tu, kama mwanamke anayempakulia mgeni. Leo asubuhi nimemkuta chini. Anainuka, analala, anageuza shingo kutazama ubavu wake kama ameumwa na nyoka, anakwaruza sakafu kwa kwato. Tumbo limekaza kama ngoma.

Nilimpigia Refiloe. Alikuwa mbali, upande wa pili wa mji. "Mtembeze. Usimwache ajigaragaze. Nakuja, lakini si sasa hivi."

Nilimtembeza uani. Farasi mgonjwa ni ukuta unaotaka kuanguka. Mara mbili alikunja magoti nikamvuta kwa kamba mpaka ngozi ya kiganja ikatoka. Mzee Abílio alitoka na fimbo yake, akashika ukuta. Ana miaka mingi kuliko nyumba. Namba ya Égide haipatikani. Ndipo Marthe alipotoka chumbani, tangu siku ile hatujasalimiana, akanyoosha mkono akachukua kamba.

"Nenda kamlete," akasema. "Wewe ndiye ulimfukuza. Mimi siwezi kwenda."

"Utamweza?"

"Sitamweza. Nenda upesi."

Nilipanda teksi mpaka mjini, nikashuka karibu na Park Station, nikakimbia mpaka Joubert Park. Jengo lao nililijua kwa jina tu. Mlinzi wa mlangoni, Mkongo, alinitazama vile nilivyokuwa, shali imejaa majani, akaniambia ghorofa ya nne. Chumba kimegawanywa kwa mapazia. Égide alikuwa amekaa kwenye godoro akishona kiatu.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu teksini. Yote yalipotea. Nikasema, "Sajini ana msokoto wa tumbo. Nimemzidishia mahindi. Yalikuwa meno, Égide. Muda wote ule yalikuwa meno."

Alichoma sindano kwenye soli, akaiacha hapo. "Iko imesimama ao iko imelala?"

"Analala."

Akavaa koti. Kwenye ngazi akasema bila kugeuka, "Nakuja juu ya shida ya farasi, mama. Si juu yako."

"Sawa," nikasema. Na ilikuwa sawa.

Tulimkuta Marthe ameegemea shingo ya Sajini, anamwimbia wimbo wa kanisani huku analia, kamba ameizungusha mkononi, na farasi bado amesimama. Égide aliichukua ile kamba kwake kwa upole. Akampiga Sajini shingoni kwa kiganja, mara kadhaa, akamsemesha Kirundi, na yule mnyama aliyekuwa akinivuta kama gogo akamfuata.

Walizunguka uani, wakazunguka. Égide akichoka namshika mimi. Jua lilipopanda juu ya paa la gereji Refiloe akafika na bakkie yao. Akaweka sikio la chuma tumboni, upande huu na huu. Akasema upande mmoja kuna sauti na mwingine kimya. Akampitishia mpira puani, akammiminia mafuta. "Sasa tunangoja," akasema. "Akitoa kitu nyuma, ameishi. Asipotoa, itabidi tuzungumze."

Mzee Abílio alitoa viti. Marthe alipika chai ambayo haikunywewa. Sote watano tulikuwa tunatazama mkia wa farasi, na mtu angepita angetuona wendawazimu.

Alasiri ikiwa imeingia, Sajini alisimama. Égide alilegeza kamba. Mkia ukainuka, na yakaanguka mavi, machache, makavu, kisha mengi, yanang'aa mafuta, na mvuke ukapanda. Refiloe alipiga makofi. Mzee Abílio akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimekaa chini bila kujua nilikaa saa ngapi.

Égide alichukua koleo ukutani. Akatoa gunia mfukoni mwa koti, limekunjwa vizuri, akalikung'uta, akayazoa mavi yote akayatia ndani, akafunga mdomo kwa kamba. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Kisha akaona ninamtazama, mikono ikasimama.

"Ndilo gunia?" nikauliza.

"Ndilo."

"Mavi?"

"Wareno wa huku juu wanatiaga kwa bustani. Kwa kabeji, kwa maua." Alisema chini sana, Marthe asisikie. "Farasi haikuwa inafanya kazi, na mimi sikuwa na kitu. Kule kanisa nilisema niko mtu wa transport. Sikutaka waseme Égide anauza mavi."

"Ungeniambia mimi."

"Ungesema ni ya Salum. Ungesema niombe ruhusa."

Nilitaka kukataa. Lakini kweli ningesema hivyo. Mavi ya farasi wetu, ningeyapigia hesabu siku ile ile. Nikamwomba radhi, kwa jina lake na la mama yake aliyemzaa, mbele ya wote. Aliitikia kwa kichwa. Hakusema amenisamehe, nami sikumdai.

Jumamosi, 21 Mei

Égide anafagia banda. Amekuja mwenyewe.

Jumapili, 29 Mei

Mbavu zimeanza kuzama. Ukitazama huzioni, ukipapasa zipo chini, kama funguo ndani ya mfuko. Shingo imejaza. Manyoya ya baridi yamemwotea mazito.

Nilimwambia Salum, akafurahi kuliko nilivyomsikia akifurahi tangu aondoke. Akaniomba nimpige farasi picha nimtumie. Marthe amenipigia picha hiyo kwa simu yake. Nadhani ni hamu ya nyumbani. Mama yake bado vilevile, akasema.

Ijumaa, 3 Juni

Refiloe amepapasa, amezunguka, amepapasa tena. "Huyu abaki," akasema. Mzigo mwepesi tu mwezi huu. Akaandika farasi yuko chini ya uangalizi wangu, Tabia, maana mimi ndiye aliyenikuta hapa kila mara.

Alhamisi, 9 Juni

Sakitu. Uani kote kumekuwa kweupe, ndoo ina kioo cha barafu. Usubi umekwisha. Sajini alitoka akipiga moshi puani, akaruka kidogo kwa miguu ya nyuma, mzee mzima.

Jumapili, 12 Juni

Leo asubuhi limesimama lori dogo lenye ngazi ya kupandishia mnyama. Akashuka kijana wa heshima, kofia ya kiua, akatoa salamu kama watu wa kwetu. Anaitwa Suhaib, kwao Tanga, ana duka la vipuri mjini.

"Nimekuja kumchukua farasi, dada."

Nilicheka. Nilidhani amekosea nyumba. Akatoa simu, akanionyesha picha. Sajini mbele ya mlango wa banda, na kivuli cha Marthe chini.

"Ndugu yangu kule Tanga ameshampa Salum pikipiki," akasema. "Walibadilishana. Salum alisema tungoje mpaka farasi anenepe, mwezi wa sita. Hakukwambia?"

Égide alikuwa anampiga brashi Sajini. Brashi ilisimama.

Nilikuwa nazisikia simu zote zile, moja baada ya nyingine. Farasi je? Amenenepa? Mlishe, Tabia. Nilimshuku mzoa mavi, nikamshuku jirani, nikawakagua kuku. Aliyekuwa mbali nilikuwa namsikiliza kwa kichwa kilichoinama, nikimshukuru kwa kupiga.

"Lini?" nikauliza.

"Makubaliano? Mwezi wa tatu, nadhani."

Nikaingia bandani nikasimama mbele ya farasi. "Mwezi wa tatu farasi huyu alikuwa mifupa," nikamwambia. "Salum alikuuzia mifupa, kaka Suhaib. Nyama hii ni yangu. Nimeiweka mimi, kwa mandazi yangu, na huyu ndugu hapa. Ukiweza kutoa mifupa ukaiacha nyama, chukua."

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Nimekuja kwa haki."

"Mimi pia. Una banda?"

"Nitatafuta."

"Nani anajua kumlisha? Mkaguzi wa wanyama amemwandika kwa jina langu. Ukimchukua leo, kesho nampigia, naye atakuja kwako aone analala wapi na anakula nini. Hakuulizi sababu, huyo. Anachukua."

Akamtazama Égide, labda akitafuta mwanamume wa kuzungumza naye. Égide akasema, "Ile farasi haipandi gari ya mtu haijui. Jaribu kama unataka." Akarudi kupiga brashi.

Suhaib alivua kofia, akaifuta ndani kwa kidole, akaivaa. Niliona anapima: lori la kukodi, banda ambalo hana, mkaguzi, mke wa mtu aliyesimama mlangoni. Si mtu mbaya. Mwishowe akasema, "Pikipiki iko Tanga, ina magurudumu. Itarudi ilikotoka. Salum atamjibu ndugu yangu."

"Mpigie sasa, nisikie."

Akampigia ndugu yake pale pale uani. Nilisikiliza kila neno mpaka akakata. Kisha nikampa chai, kwa kuwa ni mgeni wa kwetu na kulikuwa na baridi.

Alipoondoka nilimwambia Égide kwamba kuanzia kesho kutwa kinachopatikana kwa mkokoteni tunagawana nusu kwa nusu. Akafikiri. "Na tusemane kila kitu," akasema. "Hata ya aibu." Nikasema sawa.

Jumanne, 14 Juni

Salum alipiga tukiwa tunapakia makaa. Nilimwacha aseme. Alisema pikipiki ingetulisha sote, huku na huko. Alisema nimemdhalilisha mbele ya watu wa Tanga. Alisema kuna mambo angenieleza akirudi, na katikati ya maneno hayo nilisikia sauti ya mwanamke ikimwita kwamba chai imepoa.

Nikamuuliza mama yake anaendeleaje.

Akakaa kimya. Safari hii nilijua simu haijakatika.

"Alifariki," akasema. "Mwezi wa tatu. Sikutaka kukutia simanzi."

Mimi nilikuwa namwombea apone kila swala tangu wakati huo. Nikakata simu. Nikapanda mkokoteni, nikakaa juu ya magunia, nikainua viganja vyeusi vya makaa nikamsomea bibi yule Fatiha, polepole, kwa miezi yote aliyokaa kaburini bila ya dua yangu. Égide alivua kofia yake ya sufu akaishika mkononi mpaka nilipojipangusa uso.

Kisha akauliza tuanzie wapi. Nikamwambia mtaa wa La Rochelle, kule vyumba vya nyuma kuna watoto wadogo, tuwape moto kwanza.